Kibao cha Dakika ya Sitini na Nane

Goti langu la kushoto ndilo saa yangu.
Likianza kuguna najua isha imekaribia,
taa za uwanja zitawaka moja moja chini ya milima ya Ibra,
na vijana watashuka kwenye magari ya baba zao
wakinuka udi na dawa ya kuchua.

Nilikuwa winga. Nambari kumi na moja.
Nasema "nilikuwa" kama mtu anayetaja marehemu,
ingawa miguu yenyewe hii hapa, ndani ya makubadhi,
na mmoja bado hushtuka mpira ukipita karibu.

Miaka tisa: asubuhi kambi ya polisi, jioni mazoezi.
Mshahara wa klabu ukija, umekuja;
usipokuja tulikunywa maji tukaenda zetu nyumbani.
Msimu mmoja nilicheza Sharjah.
Walinipa gari, kisha wakalichukua.

Siku moja Nizwa, mimi na Zahor
tulipanga kona kwa Kiswahili, kwa sauti,
kama watu waliokwisha kufunga mlango:
"Ipige fupi, mie naingia nyuma ya hili bonge."
Bonge likageuka, jasho linadondoka puani:
"Bonge ni babako. Mimi nimezaliwa Ng'ambo."
Tulicheka hata mwamuzi akatupa kadi sote watatu.
Matokeo siyakumbuki.

Nakumbuka ya siku nyingine.
Nusu fainali, Maskati, joto la kushikika kwa mkono,
mama yangu jukwaani, mara ya kwanza na ya mwisho,
amepakata mkate wa ufuta ndani ya kitambaa.
Dakika ya sitini na nane kibao kikanyanyuliwa:
kumi na moja, kwa wekundu.
Nikatazama nyuma, labda yupo kumi na moja mwingine.
Kocha Bushra, Msudani, mrefu kama mlingoti wa goli,
alininyooshea mkono. Nikaupita.
Mkono ule umebaki hewani miaka kumi na saba.

Kano ilikatika msimu uliofuata, mazoezini,
hakuna aliyenigusa.
Mlio kama wa kijiti cha mdalasini.
Daktari alisema maneno marefu, nikaelewa lile fupi.

Sasa nina filimbi, na cheti kilichokosea jina langu,
na vijana ishirini na wawili, kila mmoja anataka kucheza mbele.
Na nina Sleyum.
Winga, kushoto, ulimi nje akikimbia;
bibi yake humshangilia kwa Kiswahili cha Wete
hadi mapolisi wa mlangoni wamekwisha kujifunza matusi mawili.

Ijumaa tulikuwa na watoto wa Sinaw, tunaongoza moja bila.
Sleyum akapiga chenga, uwanja ukasimama.
Wao waliona chenga. Mimi niliona anavyotua:
kisigino kwanza, kwa woga, kama mtu anayejaribu maji ya moto.
Msaidizi akaniuliza, "Sleyum? Una hakika?"
Kibao chetu cha mbao, nambari nimezipaka mwenyewe.

Alinipita. Hata kivuli changu alikikwepa.
Kutoka juu: "Kocha huyu ana roho mbaya, wallahi!"
Wakasawazisha dakika ya themanini na tatu
na macho yote yakaja kunitafuta kwenye benchi.

Usiku, goti juu ya mto, barafu ndani ya taulo,
nikapiga nambari niliyoipata kwa kupitia watu wanne.
Alikuwa Kairo, kwa binti yake;
vita vimemfanya mgeni uzeeni.
Radhi nilikuwa nimeipanga. Ikanipotea.
Nikamweleza tu Sleyum, kisigino, maneno ya bibi.

Kimya. Kijiko kinakoroga chai.
"Umemtoa dakika ya ngapi?"
Nikamwambia.
"Umechelewa. Mimi ningemtoa mapumziko."
Kikohozi. Kijiko tena.
"Na wewe nilikuchelewesha. Niliona goti tangu kipindi cha kwanza.
Lakini mama yako alikuwa jukwaani,
ameshika kitu ndani ya kitambaa."